Siku Baridi Ilipofunga Njia ya Bengamisa

Juzi Mama alinituma kununua samaki wa frigo kwenye chumba cha baridi kilicho nyuma ya soko. Muuzaji alipofungua mlango, moshi mweupe ulitoka ukanishukia miguuni, na kabla sijasema nataka kilo ngapi nikasahau kilichonileta. Watu husema baridi haina harufu. Inayo. Inanuka bati lililolowa na majani ya ndizi yaliyopasuka yakiwa mabichi, na kwa mbali kuna moshi wa kuni. Nilisimama pale nikinusa mpaka mama mmoja nyuma yangu akauliza, "We mademoiselle, unanunua samaki ao unanunua hewa?" Watu wakacheka. Mimi ni mtu wa haya. Watu wakiniangalia sauti yangu inakimbia kabla yangu. Nilionyesha kwa kidole, nikalipa, nikatoka. Lakini njia nzima nilicheka peke yangu na mfuko wangu wa samaki, kwa sababu nilikuwa nimerudi kwa Koko, kwenye njia ya Bengamisa, katika zile siku hiver, ile baridi ya Ulaya, ilipotuingilia.

Koko ni mama wa Papa. Nilipelekwa kwake nikiwa mdogo, sijaanza masomo, muda mfupi baada ya Mama kuzaa mapasa, yaani mapacha. Wenzangu wa rika langu mnajua nyumba inavyogeuka mapasa wakifika. Kwetu hawapewi kitu nusunusu. Anayekuja kuwaona anakuja na vitu viwili vilivyo sawasawa, sabuni mbili, vitenge viwili, kuku wawili, na anavitoa kwa pamoja, mkono wa kuume na mkono wa kushoto, ili mmoja asione wivu akaugua. Hata mwenye kuwasalimia anawasalimia wote kwa mara moja. Mimi nilisimama kando ya mlango nikiangalia ile mikono ikija, yote miwili imejaa, na inarudi mitupu. Hakuna aliyenikatalia kitu. Ila sikuona mkono wa tatu kwa mtu yeyote.

Basi nikapiga hesabu yangu ya kitoto. Nyumba yetu imekuwa nyumba ya mbilimbili. Papa na Mama, wawili. Mapasa, wawili. Mimi niko mmoja, na sapato ya mguu iliyobaki moja mnajua inatupwa wapi. Mama alikuwa dhaifu baada ya kuzaa, alilala sana, na asubuhi moja Papa akanipandisha kwenye moto yake, ile pikipiki, mbele, juu ya tangi, tukavuka daraja la Tshopo tukaingia msituni. Kwa Koko alinishusha akasema, "Ni kwa muda kidogo tu." Mahindi yalivunwa, yakapandwa tena, yakavunwa. Hesabu yangu ikaonekana ni ya kweli.

Lakini nisidanganye hapa: sikuteseka. Kwa Koko nilikuwa mfalme. Nilikula lituma ikiwa bado moto, Koko akitwanga ndizi na kunikatia donge langu kwanza kabla ya la Tonton. Tonton Dédé, mdogo wake Papa, alilima mpunga na alipenda kusema maneno makubwa. Ndiye aliyenisomea kitabu. Marehemu babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha kitabu kimoja cha kusomea kifaransa, kimepoteza jalada, panya wamekula pembe zake. Katikati palikuwa na picha ya nyumba yenye paa jeupe. Chini peupe, miti myeupe, njia haionekani. Ndani, watu wamekaa wakizunguka moto, na paka.

"Hii njo hiver," Tonton alinieleza, amelala kwenye kiti chake cha mianzi kama mtu aliyezaliwa kule. "Kule Poto, kwa Bazungu, mvua ikichoka kuwa maji, inaanguka nyeupe. Inafunga njia yote. Hakuna mutu anatoka, hakuna mutu anaingia. Banabaki mu nyumba miezi na miezi, banakula tu chakula yenye baliweka."

"Na kama mutu iko mbali na kwake?"

"Anabaki kule kule. Hiver haina huruma."

Nilikipenda kile kitabu kuliko vitu vyote. Kila jioni nilikwenda kuangalia wale watu wa moto, ambao hakuna mtu angeweza kuwafuata wala kuwachukua.

Sasa, kwa Koko simu haikushika réseau ila juu ya kichuguu kimoja nyuma ya shamba. Alhamisi Tonton alipanda kule, akashuka na habari akipiga kelele tangu mbali: "Mado! Papa yako anakuya siku ya yenga! Masomo inaanza!" Yenga ni jumapili; alidhani nitaruka. Niliweka kijiko chini. Donge la lituma likabaki kwenye sahani. Koko akaniangalia kwa upande huku anaosha sahani.

Siku ya posho, yaani jumamosi, Koko aliniketisha kati ya magoti yake barazani anisuke nywele za shule. Aliimba wimbo wa kanisani kwa pua, vidole vyake vinanuka mafuta ya mawese. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa nilipoona mbuzi wote wanakuja mbio bila kuitwa. Mbingu upande wa Banalia ilikuwa na rangi ambayo sijaiona tena, kama jeraha la zamani, zambarau na njano. Upepo ulifika, ukavua majani. Baadaye ukanyamaza kabisa. Halafu kitu kimoja kiligonga bati. Kingine. Halafu ikawa kama kijiji kizima kimepanda juu ya nyumba na kumwaga ngazi, yale matunda ya mawese, kwa mara moja.

"Ndani!" Koko alipaza sauti. "Kuya ndani, itakupasua kichwa!"

Tulikimbilia jikoni, kile kijumba cha udongo chenye paa la majani, kwa maana kwenye nyumba ya bati mtu hakuweza kusikia hata mawazo yake. Koko alichukua chumvi kidogo akaitupa motoni, akaiambia mvua kwa adabu kabisa ipite, hapa kuna mjane na mtoto tu. (Tonton alikuwa pale pale, mwanaume mzima na ndevu zake, akasema, "Na miye, Mama, niko nini?" Koko akamjibu, "Weye uko kelele.") Mimi nilichungulia mlangoni. Kiwanja kilikuwa kinaruka. Vijiwe vyeupe vilianguka, vikadunda, vikagongana, na ardhi nyekundu ikaanza kupotea, kwanza chini ya mlimau, kisha kote. Hewa iliyoingia ilikuwa baridi, baridi ya kweli, inayouma meno. Nilipumua, na mdomoni mwangu ukatoka moshi.

Nikajua.

"Koko," nikasema, "hiver imefika."

"Nini imefika?"

"Ile ya mu kitabu."

Tonton aliangalia nje, akaangalia uso wangu, na kwa kuwa hakuwahi kukosa nafasi ya kusema kitu kikubwa, akaitikia kwa uzito, "Eh! Mado iko na haki. Njo yenyewe."

Basi kazi ikaanza. Mvua ya mawe ilipolegea tu nilitoka na beseni kichwani, nikakimbiza kuku nikawaingiza jikoni, mmoja mmoja, wakilia kama wanachinjwa. Nikaburuta mchi. Nikaleta kuni kiasi nilichoweza. Vijiwe vilipasuka chini ya miguu yangu na nyayo ziliniuma kwa baridi kama zimeungua. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nilitia kimoja mdomoni. Kilikuwa na ladha ya mbali sana, ladha ya mahali pasipo na mtu. Tonton naye alitoka, akajaza mikono, akamtupia Koko vijiwe mgongoni, na Koko, mama mzee yule wa heshima, kiongozi wa mama za kanisa, akaokota wake akamlenga sikioni.

"Koko, tuko na muchele?" niliuliza tulipokaa.

"Muchele iko."

"Na karanga?"

"Iko."

"Na chumvi?"

"Mutoto, unataka kufungua duka?"

"Juu miezi ni mingi," nikamweleza.

Ilipofika jioni weupe ulikuwa umebaki tu chini ya kuta na kati ya mizizi, lakini baridi ilikaa. Tonton alikwenda kuangalia mpunga wake, akarudi amelowa mpaka kiunoni, na safari hii hakuwa anaongeza chumvi. "Mpunga umelala, lakini utasimama. Njo njia iko mbaya. Muti mukubwa sana umeanguka kule mbele, umelala mu njia na mianzi yote juu yake. Ata velo ya kunyonga kwa miguu haiwezi kupita. Njia imefungwa."

Imefungwa. Alisema neno lile lile la kitabu. Moyo wangu uliruka kama vile vijiwe kwenye kiwanja. Koko alikuwa anachemsha sinda, yale majani ya chai yanayonuka ndimu, na mvuke ulikuwa kati yetu, lakini aliniona.

"Unafurahi juu ya nini?"

"Papa hawezi tena kuya."

Akaweka kikombe chini. "Na weye hautaki papa yako akuye?"

Kuna maswali ambayo mtoto anayajibu kwa sababu moto unawaka vizuri na kuku wamelala miguuni pake. Nilisema, "Kule kila kitu iko mbili, Koko. Miye niko mumoja."

"Nani alikuambia ile?"

"Hakuna mutu. Niliona."

Nilitegemea acheke, au aseme maneno ya wakubwa. Koko hakufanya hata kimoja. Alinivuta kati ya magoti yake kama anataka kuendelea kunisuka, lakini hakusuka. Alishika tu ule upande wa kichwa uliobaki, zile nywele zisizosukwa, akazishika kwa kiganja chote mpaka sinda ikapoa. Tonton alichokora moto kwa kijiti.

Siku ya yenga hatukwenda kanisani. Ukungu ulijaa kiwanja, mlimau hauonekani, majani ya ndizi yamechanika nyuzinyuzi yananing'inia. Koko alisalisha jikoni, sisi watatu na kuku. Alimwomba Mungu kwa ajili ya waliofungiwa njia, na mimi nikaitika amina kwa nguvu sana, halafu nikaogopa labda Mungu hakuelewa nilikuwa upande gani. Tukala karanga za kukaanga. Tukafungua kitabu. Nilikaa kama wale watoto wa picha, miguu kwenye moto, na nilikuwa na raha. Lakini, na hili sikumwambia mtu, masikio yangu yalikuwa njiani. Kila jani lililodondosha maji niligeuka. Sikuelewa kwa nini mtu aliyefurahi vile anasikiliza vile.

Kuku walimsikia kwanza. Ukunguni akatokea mtu anayetembea vibaya, anachagua pa kukanyaga. Suruali imekunjwa mpaka magotini, matope mpaka kwenye nyusi, viatu vimefungwa kwa kamba zake vinaning'inia shingoni. Shati lake la kazi, lile jeupe la agent wa État, mfanyakazi wa serikali, lilikuwa limepasuka bega.

"Bonjour nyumba yote," Papa akasema.

"Yesu!" Koko akainuka. "Na moto iko wapi?"

"Nimeiacha kwa watu, kule nyuma ya ule muti. Nilipanda juu ya mianzi. Inauma, Mama, mianzi."

"Na ukatembea kwa miguu tangu kule?" Tonton akauliza.

"Ulitaka nitembee na nini?"

Mimi nilikuwa nimeshaingia nyuma ya kinu. Kinu cha Koko kilikuwa kikubwa, lakini nywele za upande mmoja zilikuwa zimesimama kama shada, na nadhani ziliniumbua. Papa alikaribia, akachuchumaa upande wa pili. Niliona vidole vyake tu juu ya ukingo.

"Mado."

"Njia imefungwa," nikasema kutoka chini.

"Nimeona."

"Ni hiver. Hakuna mutu anaingia."

Tonton akaanza kucheka, akaanza kueleza, kitabu, paa jeupe, Poto, miezi na miezi. Nilitaka ardhi inimeze. Papa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za sheria ofisini, "Na mutu mwenye amefika tayari, yeye anafanya nini?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiria. "Anabaki."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka hiver iishe."

"Bon," Papa akasema. Alivua shati lake, akalitundika karibu na moto, akavuta kigoda akakaa. "Mama, tunabaki."

"Unabaki namna gani?" Koko akashangaa. "Na kazi yako kesho? Chef yako atasema nini?"

"Mama, njia imefungwa. Haukusikia?"

Koko alimwangalia, akaniangalia mimi. Kisha akapasha maji, akatia chumvi, akaniita. "Kuya, uoshe papa yako miguu. Mutu ametembea."

Nilitoka nyuma ya kinu kwa sababu kazi ni kazi. Nilishika ule mguu wa kwanza, mzito kama mzigo, nikauingiza kwenye beseni. Maji yalipoondoa matope niliona mikato, midogomidogo, ya majani makali na ya mianzi, na kisigino kilichochubuka mpaka kinatoa damu. Papa alivuta pumzi kwa meno lakini hakuondoa mguu. Nilitafuta kwenye kichwa changu ukurasa wa mtu anayetembea katika hiver ili amfikie mtu fulani. Kitabu hakikuwa na ukurasa huo. Nilikijua chote kwa moyo.

"Papa," nikasema, bila kuinua macho, "uliona njia imefungwa, juu ya nini haukurudia?"

Alionekana kutoelewa swali. "Nirudie wapi? Weye uko huku."

Alisema hivyo tu, halafu akamwomba Koko karanga. Mimi nilibaki nimeshika ule mguu, nikausugua mpaka akasema inatosha, Mado, ngozi yenyewe iko moja.

Siku ile Papa hakutaja shule hata mara moja. Alibandua maganda ya karanga, akashindwa na Tonton kwenye ngola, ule mchezo wa bao, wakagombana kama watoto juu ya kokwa iliyopotea. Alifungua kitabu kwenye ukurasa wa paa jeupe akakaa nacho muda mrefu, kwa sababu baba yake alimfundisha kusoma kwa kitabu hicho. Alinieleza kwamba mapasa sasa wanatembea, na kwamba wakilia wanalia pamoja, na Mama ana mikono miwili tu, akimbeba huyu na kumbeba huyu hakuna wa kufungua mlango. Alilisema kama shida ya nyumbani, bila kuniangalia. Nilimwuliza kama mlango ni mgumu. Akasema ni mgumu kidogo, unataka mtu anayeujua. Koko alimaliza kunisuka upande wa pili, polepole sana, mistari midogo kuliko ya kwanza, na hata leo sijui kama alifanya vile kwa sababu ya macho yake au ili ichukue muda.

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka kali. Kiwanja kilitoa mvuke, mbuzi walirudi kwenye njia yao, na kutoka mbali tulisikia shoka: watu wa kijiji walikuwa wanaukata ule mti. Papa alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda na kikombe cha sinda, hana haraka, kama mtu asiye na chef duniani. Viatu vyake vilikuwa vimekaukia karibu na moto, vimekuwa vigumu kama mbao. Nilivilainisha kwa mikono. Nikavileta, nikavipanga mbele ya miguu yake, na nilihitaji ujasiri mkubwa kuliko ninaouhitaji leo mbele ya darasa zima.

"Papa. Hiver imekwisha."

Aliinua uso, akaangalia mbingu muda mrefu, upande wa Banalia, upande wa Kisangani. "Uko hakika? Tusinaswe mu njia."

"Imekwisha."

"Basi kama weye njo umesema," akasema, akaanza kuvaa viatu.

Koko alikuwa jikoni anatufungia kwanga ya njiani, ule mkate wa muhogo, kwenye majani. "Imekwisha kwenu," akasema bila kugeuka. "Kwangu inaanza leo." Akacheka, na sisi tukacheka, na Tonton akacheka kuliko wote. Lakini ile kwanga aliizungushia kamba, akaizungushia tena, na tena, mpaka tulipofika nyumbani Mama alilazimika kuchukua kisu.